Gia ya Kwanza Ilikuwa Ndani

Nilichukua ufunguo wa pikapu nikautumbukiza kwenye kikombe cha chai cha Bosi. Sikuurusha, maana ningeurusha angesema nimempiga nao. Niliushika kwa kamba yake nikaushusha polepole mpaka ukagusa chini, chai ya maziwa ikapanda ikammwagikia vidole na mikono ya shati. "Endesha wewe," nikamwambia. Odush, mpakiaji wetu, alikuwa amelibeba gunia la samadi begani, akabaki amesimama nalo hivyo hivyo kama amesahau linapokwenda. Pale langoni Mzee Barasa akakohoa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, yadi yetu ya Kiamaiko ikinuka mbuzi kama kawaida, na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka minne, nyumba ya kupanga Lucky Summer, na dakika hiyo hiyo nilikuwa nimejifuta kazi. Bosi akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Mama Tasha," akasema, "hiyo ilikuwa chai ya kwanza leo." Mpaka leo nikikumbuka nasikia kucheka na kulia pamoja. Mtu amevunjiwa mguu, mtoto wangu nusura aende na gari, na yeye ananihesabia chai.

Nisingeyaandika haya kama si wiki mbili zilizopita. Mzee Barasa amefariki, kifua kilimsumbua miezi mingi, na mwili umepelekwa kuzikwa kwao Bungoma. Kabla hawajasafiri nilienda kuketi na Mama Rose, mkewe, pale Makongeni, kwenye chumba kile kile cha nyumba za reli ambacho nimekula ugali ndani yake mara nyingi kuliko kwangu. Hakijabadilika. Pazia la maua linalogawanya kitanda na viti, vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya kila kiti mpaka juu ya redio, na ule mkongojo wake umeegemezwa nyuma ya mlango kama angerudi kuuchukua. Kina mama wa kanisa walikuwa wanamimina chai na kukata mkate. Nimekaa karibu na dirisha, nikasikia mmoja nje, anayesuuza vikombe kwenye karai, anamwambia mwenzake, "Huyu si ndiye yule dereva alisahau kuweka gia akakanyagwa na gari lake mwenyewe?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Uzee ni kitu kibaya." Mama Rose alisikia. Nilijua alisikia kwa sababu aliacha kutafuna. Miaka mitano imepita, karatasi yangu ina mhuri wa serikali, na bado watu wanasuuza vikombe na huo uongo. Basi nitaandika. Habari za nilikozaliwa na aliyenilea hazina kazi hapa, ruka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tano. Kazi yangu pale yadini ilikuwa kushona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na kamba ya nailoni. Kiamaiko ni mbuzi tu, wanashushwa, wanauzwa, wanachinjwa, na wanachoacha chini Bosi alikuwa anakikausha, anakitia kwenye magunia na kukiuza kwa wakulima wa sukuma wiki na nyanya huko ng'ambo ya Ruai. Wakulima wanakitaka zaidi mvua ikikaribia na ikinyesha, na mvua ikinyesha barabara za huko zinakuwa udongo mweusi unaokamata gari kama chapati inavyokamata sufuria isiyo na mafuta. Ndiyo maana tulikuwa na pikapu ya zamani yenye fowili, yaani ile ambayo ukitaka magurudumu yote manne yanavuta, usipotaka yanavuta ya nyuma peke yake. Dereva alikuwa Mzee Barasa. Siku moja ya mvua alirudishwa amelala nyuma juu ya magunia matupu, Bosi akiendesha, Odush amempakata mguu mapajani. Mguu ulikuwa unaangalia upande ambao mguu hauangalii. Bosi hakuwa shetani, lazima niseme. Alimpeleka hospitali mwenyewe bila kushuka kubadilisha viatu, na nilimwona akilia, anajipangusa kwa kofia. Lakini kesho yake mtu alipouliza ilikuwaje, alikuwa ameshapata jibu. "Mzee hakuweka gia. Ameshuka, gari likarudi nyuma. Ni uzembe, tutafanya nini." Wiki iliyofuata akaniita. "Wewe si ulisema una leseni?" Ninayo, nilikuwa nimesomea baada ya kumaliza kidato cha nne, ilikuwa kabatini na kadi ya kliniki ya Tasha. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwa mguu wa mtu mwingine.

Miezi mitatu baadaye Mzee Barasa alirudi na mkongojo, akapewa kazi ya kufungua lango. Mtu angetegemea anichukie. Siku ya kwanza aliniona napanda, akagonga mlango wa gari kwa mkongojo. "Shuka." Nikashuka. "Unajua hii kigia kidogo ni ya nini?" Kando ya gia ya kawaida kulikuwa na nyingine fupi, kichwa chake kimeliwa na viganja mpaka namba hazisomeki. Nikasema naijua, ni ya fowili, unaisukuma tu. Akacheka vibaya. "Unaisukuma tu. Odush, njoo umsikie dereva wako." Odush akaja mbio, hiyo ndiyo ilikuwa burudani yake. "Niaje, Madam Dere," akasema, "leo unafinywa." Mzee akaniinamisha mbele ya gurudumu la mbele akanionyesha kile kifuniko cha katikati cha kuzungusha, mafundi wanakiita habu. Ukikizungusha upande mmoja kinafunga, gurudumu linashikana na nguvu za injini. Upande mwingine kinaachia. Ziko mbili, kulia na kushoto, na zote mbili lazima zifanane. "Ukifunga moja ukaacha moja, utasukuma kigia mpaka jasho likutoke na gari litabaki matopeni likikuangalia." Herufi zilikuwa zimefutika, kwa hiyo nikatoa rangi ya kucha mkobani nikatia alama nyekundu upande wa kufunga. Mzee akaangalia ile rangi muda mrefu. "Miaka kumi na moja nimeendesha hii kitu," akasema, "na sikuwahi kufikiria hilo." Hicho ndicho kilikuwa cheti changu.

Masomo yalikuwa wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa na banda la mabati nyuma ya yadi, benchi moja, ndoo mbili zilizogeuzwa, na mama wa kibanda alikuwa anatuletea supu ya kichwa cha mbuzi na chapati mbili mbili zimefungwa kwenye gazeti. Mzee alikuwa anafundisha kwa vijiko. Kijiko hiki ni kigia. Nyuma kabisa, magurudumu mawili. Mbele yake, manne kwa mwendo. Mwisho kabisa, manne kwa nguvu, ya kupanda na ya kutoka shimoni, na hiyo huiingizi gari likitembea, simama kabisa, kanyaga klachi mpaka sakafuni. Katikati ya hizo mbili za manne kuna mahali patupu. Hapo aligonga benchi. "Hapa ni kama hakuna gari. Injini iko kwake, magurudumu yako kwao. Hata gia kubwa uiweke, haishiki kitu. Usiwahi kukiacha hapa." Akaniambia habu zifungwe kabla ya kuingia matope, si ukiwa umezama unachimba na mikono. Akaniambia fowili inakusaidia kwenda, haikusaidii kusimama, kwa hiyo nisijione ndege. Na ukifika lami, toa. Ukiacha manne yavute kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanagombana, usukani unakuwa mgumu, na kitakachovunjika ni cha ndani, cha bei.

Hilo la lami nilijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza nimetoka Ruai peke yangu nimejisikia mtu, nimesahau kigia kwenye manne mpaka nikafika kona ya kuingia yadini. Gari likaanza kuruka ruka kama mbuzi amefungwa miguu, matairi yanalia, nimeshika usukani kwa mikono miwili na kifua. Mzee alisikia kabla hajaniona. Alifungua lango akiwa anapiga kelele, "Unalichinja! Mama Tasha, unalichinja!" Wachinjaji wa jirani wakatoka na visu kuangalia nani anachinja. Odush alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakunisema kwa Bosi. Alinifanya nirudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyooka ili vyuma vilegee, nikavuta kigia kikatoka, nikashuka nikaachia habu. Halafu akasema, "Sasa hutasahau tena," na kweli sijasahau.

Sasa nifike pale ambapo sipapendi. Siku moja Mzee hakuwepo bandani, mimi na Odush tunakula. Odush akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini Madam, kwa ukweli, unadhani mzee aliweka gia siku ile? Yeye anaapa aliweka ya kwanza." Lazima mjue kwamba breki ya mkono ya ile pikapu ilikuwa imekufa zamani, waya umekatika, Bosi anasema ataweka kesho. Kwa hiyo pale yadini kila mtu alikuwa anaegesha na gia, unazima gari, unaweka ya kwanza, injini inalizuia lisitembee. Ndiyo ilikuwa breki yetu. Na mimi nikiwa na chapati mdomoni nikasema, "Mzee amechoka tu. Gari haliwezi kwenda na gia ya kwanza. Alisahau, anaona aibu." Nikasema hivyo. Mimi, na masomo yake yote ya vijiko. Halafu nikasikia maji yanamwagika nyuma ya mabati. Alikuwa ananawa mikono. Hakuingia kula siku hiyo.

Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama kando ya pikapu na jiwe. Jiwe la jengo, kubwa kama mkate mkubwa, amelifunga kamba ya mpira ili liwe na mshikio. "Ukishuka kufungua habu," akasema bila kuniangalia usoni, "kabla hujapiga goti, hili nyuma ya tairi ya nyuma. Kila mara. Hata kama umeweka gia. Hata kama mimi nimechoka."  Akaenda kufungua lango.

Nililibeba lile jiwe mvua nzima. Siku yenyewe mama anayenishikia mtoto alikuwa ameenda hospitali, nikamchukua Tasha nikamweka kiti cha katikati, miguu kando ya kigia. Tulishusha magunia, tukatoka shambani kwa manne, tukafika pale barabara ya udongo inapopanda kuingia lami. Ndipo Mzee alipokanyagwa, pale pale, kwa sababu ndipo kila dereva anasimama kutoa fowili. Odush alikuwa nyuma anafunga turubai. Nikavuta kigia kikarudi nyuma kabisa kwenye mawili, nikakisikia kimekaa. Nikazima. Nikaweka gia ya kwanza. Nikashuka, nikatupa jiwe nyuma ya tairi, nikapiga goti kwenye gurudumu la mbele, mguu mmoja nimeunyoosha nyuma ya gurudumu kwa sababu mahali hapo huwezi kuchuchumaa vizuri. Nimeshika habu. Nikasikia tak. Kama mtu amepiga ulimi. Gurudumu likazunguka mbele ya uso wangu, upana wa kiganja, alama yangu nyekundu ikashuka, mpira ukagusa shavu la mguu wangu ukabonyeza. Halafu likasimama. Lilikuwa limekaa kwenye jiwe.

Niliuvuta mguu, kiatu kikabaki. Nikapanda nikamtoa Tasha kwa mkono mmoja kama mzigo. Nilikuwa nimeanza kumpigia kelele, mjinga mimi, "Umeshika nini? Umeshika nini humo ndani?" Mtoto akaanza kulia. "Sijashika, mama! Kagia kadogo kameruka kenyewe!" Nikaangalia ndani. Gia kubwa ilikuwa kwenye ya kwanza. Kigia kidogo kilikuwa kimetoka nilipokiweka, kimepita manne, kimelala mahali patupu. Nikakirudisha. Nikangoja, mlango wazi, Odush amemshika Tasha mbali na gari. Uzito wa gari kwenye mteremko ulivuta, ukavuta, na tak, kikaruka tena. Kilikuwa kimechakaa ndani, hakishiki. Nilikaa kwenye udongo na soksi moja nikalia kama mtu amepata habari za msiba. Odush akasema, taratibu, si sauti yake ya siku zote, "Kwa hivyo mzee aliweka."

Kwa hivyo mzee aliweka. Na siku ile watu waliokuja kumtoa walipanda gari, wakasukuma kila kitu, wakaliwasha kulisogeza, na baada ya hapo nani angejua kigia kilikuwa wapi.

Kesho yake sikupakia. Niliingia saa mbili, nikapandisha pikapu kwenye ule mwinuko wa saruji wa kupakilia mzigo, jiwe nikaliweka hatua moja nyuma, nikamwita Mzee atoke langoni. "Baba Rose, njoo ushike mlango. Angalia gia." Akachungulia. "Ya kwanza," akasema. "Na kigia?" Akakishika mwenyewe akakitikisa. "Iko mawili. Imekaa." Nikamwambia tungoje. Tulingoja muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Tak. Pikapu ikarudi nyuma ikagonga jiwe.  Mzee alibaki ameangalia ule mpini mfupi. Halafu akasema, "Hiyo sauti niliisikia. Nilidhani ni jiwe limevunjika chini ya tairi." Akaishika tena gia. "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Zote zikawa mara nne, na kila mara alishika gia kwanza kuhakikisha, kama mtu anayehesabu watoto wake. Nikamwambia, "Baba Rose, ile siku bandani, nilichosema." Akanikata. "Nilisikia ulichosema. Hata mimi nilikuwa nimeanza kukiamini. Usiku nalala najiuliza, Barasa, uliweka au hukuweka?" Hapo ndipo alipotoa kitambaa. Mguu ulipovunjika watu wanasema hakulia.

Bosi alitoka ofisini na kikombe chake. Nikamwonyesha, mara ya tano. Niseme ukweli, alishtuka, rangi ilimtoka. Nilidhani sasa atamshika Mzee mkono. Akazunguka gari, akarudi, akasema, "Sawa, si mmejua shida? Odush, kata mpira wa tyubu, funga hicho kigia kwa kiti kisiruke. Mama Tasha, mzigo wa Ruai umechelewa." Nikamwambia, "Bosi, na Mzee je? Si umwambie kitu?" Akamwangalia Mzee, nadhani aliona aibu, na watu wengine wakiona aibu wanakuwa wabaya. Akasema, "Lakini na yeye si angeweka jiwe." Jiwe! Jiwe ambalo Mzee alilibuni akiwa na mkongojo, ili mimi nisikanyagwe. Ndipo nilipoutoa ufunguo kwenye gari. Lililofuata nimeshalieleza.

Nilitoka yadini moja kwa moja mpaka ofisi ya kazi ya serikali, na harufu yangu ya samadi, watu kwenye foleni wakinipa nafasi bila kuombwa. Karani alikuwa mama wa makamo, akaniuliza kama nalalamikia kufutwa. Nikamwambia hapana, nimejifuta, nalalamikia gari. Akanipa fomu. Mahali pa kueleza palikuwa na mistari minne. Nikamuuliza, "Madam, mkosaji amekuwa na miezi yote hii ya kuongea, mimi napewa mistari minne?" Akacheka, akaigeuza. "Andika nyuma, mama." Wiki iliyofuata mkaguzi alienda yadini, pikapu ikaondolewa barabarani, na sijaiona tena. Mimi naendesha gari la mikate sasa. Nakala ya malalamiko Mzee aliiweka chini ya kitambaa cha redio, na juzi Mama Rose aliitoa akanirudishia. Karani alikuwa ameipiga mhuri juu ya neno moja lakini linasomeka. Naiweka hapa yote, kwa yule mama wa vikombe na kwa yeyote mwingine.

"Mimi Everlyne Nekesa, dereva, nalalamika dhidi ya mwajiri wangu, mwenye yadi ya samadi Kiamaiko. Ametuendeshesha pikapu isiyo na breki ya mkono na yenye kigia cha fowili kinachoruka chenyewe hadi mahali patupu gari likiwa limesimama mlimani. Kikiruka, gia kubwa haishiki kitu. Nimejaribu mara tano mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao mwajiri mwenyewe. Jana gari hilo lilitaka kunikanyaga na mtoto wangu akiwa ndani. Mwaka huu lilimvunja mguu dereva aliyenitangulia, Mzee Barasa, na mwajiri akasema hakuweka gia. Naomba gari lizuiwe lisitembee. Naomba mwajiri aamriwe kumwambia Mzee Barasa ukweli mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu uongo aliusema mbele ya wafanyakazi wote. Mimi pia niliusema, nikila kwenye banda lile lile alilonifundishia kazi. Sipewi fomu ya kujilalamikia mwenyewe, kwa hiyo naandika hapa. Gia ya kwanza ilikuwa ndani. Aliiweka."